Ndege inatua yenyewe kwenye ukungu, sasa inapoteaje ikiwa tayari iko chini?

Swali la ndugu yetu nalifupisha hivi: amesoma kwamba ndege kubwa zinaweza kutua zenyewe hata ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba rubani haoni kitu, alafu akasoma tena kwamba kuna marubani wameshapotea wakiwa chini wanatembeza ndege kwenda maegesho, na wengine wakagongana. Anauliza inakuaje, kwani hamna skrini ya kuwaonyesha njia kama ile ya kwenye gari? Na yeye akiwa abiria, ndege imesimama tu kwenye ukungu na injini zinawaka, huwa wanasubiri nini hasa?

Ndugu yangu, skrini ipo. Ipo miaka mingi na inaonyesha ndege iko wapi kwa kukosea mita chache tu. Kwa hiyo tatizo sio kwamba rubani hajui yuko wapi, au tuseme hilo kwa ndege mpya limeshatatuliwa kwa sehemu kubwa. Kilichobaki ni vitu vitatu vigumu zaidi: skrini haijui mnara wa kuongozea ndege umekuruhusu upite wapi, haiwaoni wote waliopo uwanjani, na ukiiangalia sana unaacha kuangalia nje. Nitaeleza moja moja lakini sio kwa mpangilio huo, maana mambo yenyewe yameingiliana.

Tuanze na kutua maana hapo ndo wengi wanachanganya. Kutua kwa otomatiki sio kitu kipya, ndege ya Trident ya shirika la BEA ilitua kwa mfumo wa otomatiki ikiwa na abiria pale Heathrow tarehe 10 Juni 1965. Kinachofanya iwezekane ni mawimbi ya redio yanayorushwa kutoka uwanjani, moja linaiambia ndege uko kushoto au kulia kwa mstari wa kati, lingine linaiambia uko juu au chini ya mteremko wa kushukia. Lile la kushoto na kulia haliishii magurudumu yakigusa, linaendelea kuishika ndege katikati ya barabara mpaka isimame. Kwa hiyo ndege yenye vifaa kamili, kwenye uwanja wenye vifaa kamili na marubani waliofunzwa, inaweza kutua mwonekano ukiwa mita 75.

Sasa ukishakata kona kutoka barabara ya kurukia kuingia kwenye kiungio, yani njia ya kutembezea ndege kwenda na kutoka maegesho, lile wimbi limekuacha. Hamna wimbi la kiungio, hamna wimbi la kona, hamna kitu. Kompyuta iliyokuwa inaendesha ndege sekunde chache zilizopita haina cha kufuata na kazi yote inarudi kwa binadamu aliyeshika usukani mdogo wa gurudumu la pua anakodolea macho weupe. Kwenye vitabu kulikuwa na daraja linaitwa CAT IIIC, yani kutua bila kikomo chochote cha mwonekano, na safari za kawaida hazikuwahi kulitumia. Sababu kubwa ni hiyohiyo, sawa umetua, sasa unatokaje hapo? Na gari la zimamoto likihitajika litakupataje?

Alafu fikiria anachokiona rubani kwenye mita 75. Taa za kijani za mstari wa kati wa kiungio, kwa viwanja vinavyofanya kazi kwenye mwonekano mdogo, hupangwa kwa nafasi isiyozidi mita 15 sehemu iliyonyooka. Toa kipande cha ardhi kinachofichwa na pua ya ndege, ambacho kwa ndege kubwa kinaweza kuzidi mita 15, maana macho ya rubani yako juu sana na kioo kina mwisho wake kwa chini. Unabaki na taa tatu nne hivi. Hizo ndo dunia yake yote. Haoni kibao kilicho mbali, haoni jengo, haoni ndege ya mbele. Kwenye njia panda yenye viungio vinne vinavyokutana, taa tatu nne zinaweza kuelekea popote.

Na ndege zenyewe ni ndefu mno. Boeing 777-300ER ina mita kama 31 kutoka gurudumu la pua hadi magurudumu makubwa ya nyuma, na rubani mwenyewe amekaa mbele ya gurudumu la pua, kwa hiyo kwenye kona kali inabidi aivuke kona kwanza yeye, avuke na mstari, ndo aanze kukata, la sivyo magurudumu ya nyuma yanapita kwenye majani. Kiungio cha ndege za ukubwa huo kina upana wa mita 23. Ndo maana 777-300ER ikawekewa kamera kwenye mabawa ya mkia na chini ya tumbo, na A380 ikawekewa kamera juu ya mkia na chini ya tumbo, picha inakuja kwenye skrini ya kokpiti, yani chumba cha marubani, rubani aone magurudumu yake yako wapi. Nzuri sana kwa kona. Ila kamera ya kawaida kwenye ukungu inaona ukungu, kwa hiyo usiitegemee kwa hii shida yetu.

Turudi kwenye ramani. Inaitwa ramani inayotembea, maana ndege yako inachorwa katikati na uwanja unazunguka na kusogea kukufuata. A380 ilipoanza safari za abiria mwaka 2007 ilikuja nayo ndani ya skrini zake za urambazaji, Airbus wanaiita OANS, na Garmin wana yao inaitwa SafeTaxi ambayo unaikuta mpaka kwenye vindege vidogo vya injini moja. Mashirika mengine wanatumia tableti. Inachukua mahali ulipo kutoka GPS, mara nyingi ikichanganywa na jairo za ndege yenyewe, yani vifaa vinavyohisi inavyosogea na kugeuka, inachora kwenye ramani ya uwanja ambayo husasishwa kila baada ya siku 28. Hiyo siku 28 ikumbuke.

Je ingesaidia? Ingesaidia sana tu. Chukua Linate, Milan, tarehe 8 Oktoba 2001. Ukungu mzito asubuhi, Cessna Citation ndogo imeambiwa ipite kiungio R5 kuelekea kaskazini, ikaingia R6 ambayo inaenda kukatiza barabara ya kurukia. Rubani wa Cessna akataja redioni alama aliyoiona chini, S4, na mwongozaji wa ndege kule mnarani hakuijua hiyo alama. Rada ya ardhini haikuwepo, ya zamani ilishaondolewa na mpya haijaanza kazi. MD-87 ya SAS ikaja kasi ya kuruka ikaigonga, wakafa watu 118, wanne kati yao wakiwa chini kwenye jengo la mizigo. Hapo ramani ya kawaida kabisa, hata ile ya bei nafuu, ingemwonyesha rubani wa Cessna kwamba anaelekea upande tofauti kabisa na alioambiwa. Siwezi kusema ingezuia kila kitu, lakini kwa ajali hii ninaamini ingetosha.

Detroit, tarehe 3 Desemba 1990, hivyohivyo. DC-9 ya Northwest ikapotea kwenye ukungu, marubani wawili wanabishana kimyakimya wako wapi, wakaibukia kwenye barabara ya kurukia yenye kazi na 727 ya shirika hilohilo inakuja. Wakafa watu 8. Kilichoniuma kwenye ile habari ni kwamba kapteni alikuwa na shaka lakini msaidizi wake alionekana kujiamini, na ukiwa huoni kitu unamfuata anayejiamini. Skrini moja mbele yao wote wawili ingekata ubishi.

Ila sasa Providence, Marekani, usiku wa tarehe 6 Desemba 1999, hii ndo huwa natumia nikitaka mtu aelewe tatizo la kweli. Ndege ya United imetua kwenye ukungu, imekosea kona, imejikuta imerudi kwenye barabara ya kurukia. Marubani wanasema redioni jamani tuko kwenye barabara ya kurukia. Mwongozaji hana rada ya ardhini, kwenye kichwa chake ndege ile iko kwingine kabisa, kwenye barabara ambayo haitumiki, kwa hiyo anaruhusu nyingine iruke, ikapita karibu yao. Anataka kuruhusu na ya tatu, rubani wa US Airways akakataa kuondoka mpaka ijulikane ile ndege iko wapi. Hakufa mtu. Lakini ona, hata kama United wangekuwa na ramani bora duniani, ramani ingewaambia wao tu. Mnara usingeona. Picha iliyokosewa ilikuwa kwenye kichwa cha mtu mwingine.

Ndo maana nasema ukinunua skrini ya kokpiti peke yake umetatua nusu. Viwanja vikubwa vikaweka rada za ardhini na mifumo inayokusanya ishara za transponda za kila ndege, yani kifaa kinachoitambulisha ndege kwa redio, Marekani unaitwa ASDE-X, uko viwanja 35, ili mwongozaji awe na ramani yake na yeye.

Sasa nije kwenye macho. Ramani iko chini, karibu na magoti kama ni tableti au katikati ya dashibodi kama ni skrini ya ndege. Rubani anayetembeza ndege kwenye ukungu anatakiwa aangalie nje muda wote kwa sababu kitu kitakachomwua hakiko kwenye ramani: gari la mizigo lililosimama vibaya, ndege nyingine iliyopotea, bawa la jirani. Ukimpa ramani nzuri yenye rangi anaiangalia. Huwezi kumlaumu, nje ni weupe mtupu na ndani kuna picha safi. Ndo maana kanuni ziko wazi kwamba ramani ni ya kukusaidia kujua uko wapi, sio ya kuendeshea. Usukani unafuata kinachoonekana kioo cha mbele, kama hakionekani simama. Kwa kawaida mmoja anaendesha macho nje, mwingine ndo anaisoma ramani na kutamka kona inayofuata, na mpangilio huo unafanya kazi vizuri kuliko teknolojia nyingi ninazozijua.

Wahandisi wakasema basi tuilete ramani mbele ya macho. Kuna HUD, kile kioo kinachosimama kati ya uso wa rubani na kioo cha mbele, kinaonyesha namba na mistari ya kijani huku unaona nje kupitia hapohapo. NASA kituo cha Ames miaka ya 1990 walitengeneza mfumo unaitwa T-NASA, na Agosti 1997 wakaujaribu kwa ndege halisi, Boeing 757 yao, kwenye uwanja wa Atlanta. Kwenye HUD walichora njia uliyoruhusiwa: vikoni vya kufikirika kando ya kiungio pande zote mbili, alama za mstari wa kati, na kona inayokuja ikaonekana kama vibao vimesimama pale. Chini kukawa na ramani inayotembea, na sauti za onyo zikawa zinasikika kutoka upande ule ambao hatari iko. Kwenye simuleta, mashine ya kuigiza ndege, marubani waliokuwa na ramani na HUD pamoja walitembea haraka zaidi na makosa ya njia yakakaribia kuisha. Ramani peke yake ilipunguza makosa, lakini pamoja na HUD ndo ikawa kitu kingine.

Kitu kizuri zaidi kwenye ile kazi, kwa maoni yangu, sio vikoni vyenyewe bali jinsi walivyovichora. HUD ina ugonjwa wake. NASA walishachapisha mwaka 1980 jaribio la simuleta ambapo ndege nyingine iliwekwa barabarani wakati rubani anakuja kutua, na baadhi ya marubani wenye HUD hawakuiona, ilhali walikuwa wanaangalia palepale. Macho yapo nje lakini akili imenasa kwenye zile namba za kijani. Hawa wa T-NASA wakafanya michoro ikae duniani: kikoni kinakua jinsi unavyokikaribia, kinapita pembeni yako, kinasogea pamoja na ardhi halisi. Akili ya mtu inachukulia mchoro na kiungio kuwa kitu kimoja, haihitaji kuhama kutoka kwenye kimoja kwenda kingine. Namba inayoelea tu sehemu moja ya kioo haina hiyo faida. Ukiona kampuni inakuonyesha skrini ya kutembea chini, hicho ndo kitu cha kwanza cha kuuliza, mchoro umekaa kwenye ardhi au umekaa kwenye kioo?

Utauliza, kama kilifanikiwa 1997 mbona hakiko kila ndege? Kwanza HUD ni ghali na ndege nyingi za abiria hazina. Pili vikoni vikikosea mita tano vinakuongoza kwenye majani, kwa hiyo ramani na GPS vinatakiwa viwe sahihi kupita vile vinavyotosha kwa kuonyesha tu mahali ulipo. Tatu, na hapa ndo penyewe, mfumo unahitaji kujua njia uliyoruhusiwa. NASA kwenye majaribio walikuwa wanaituma kwa data. Kwenye maisha ya kila siku bado mwongozaji anaitamka redioni, pita A, kisha K, simama kabla ya barabara 27, rubani anaiandika kwa kalamu na kuirudia kwa sauti. Kompyuta haijaisikia. Kwa hiyo ramani yako inajua uko wapi, haijui unatakiwa uwe wapi, na ukikata kona isiyo yako inakuchorea hiyo kona vizuri kabisa bila hata kulalamika. Skrini ya gari lako inakwambia umepotea kwa sababu wewe mwenyewe uliiandikia unakoenda. Rubani anaweza kuiingiza njia kwa vidole kwenye baadhi ya mifumo, ila jaribu kufanya hivyo huku ndege inatembea, redio inaongea na mnara umebadilisha mawazo. Ulaya kupitia programu ya SESAR wamefanya majaribio ya kutuma ruhusa za njia moja kwa moja kwenye skrini ya ndege, na inafanya kazi, lakini mnara unatakiwa uwe na mfumo, ndege iwe nao, na kila kitu kizungumze lugha moja. Hilo ndo limechelewesha mambo, wala sio ubora wa skrini.

Kuna njia nyingine ambayo mimi naipenda kwa sababu haihitaji macho kabisa. Honeywell walitoa mwaka 2003 mfumo unaitwa RAAS unaotumia GPS na kumbukumbu ya barabara za kurukia iliyokuwa tayari ndani ya kompyuta ya kuonya kuhusu milima. Ukikaribia barabara ya kurukia mfumo unatamka jina lake, ukiingia unatamka tena, na ukizidisha mwendo kupita kama kilomita 74 kwa saa ukiwa kwenye kiungio unakupigia kelele kwamba hapa ni kiungio. Hauna ramani, hauna rangi. Lakini kwa pesa ndogo na kwenye ndege za zamani unaziba shimo kubwa kuliko yote, kuingia au kurukia barabara isiyo yako.

Na umuhimu wa kelele utauona kwenye ajali ya Taipei, tarehe 31 Oktoba 2000. Singapore Airlines 006, Boeing 747-400, usiku, mvua kali na upepo wa kimbunga. Walitakiwa kuruka barabara 05 kushoto, wakaingia 05 kulia ambayo ilifungwa kwa ujenzi, ziko mita 200 na kidogo kutoka kwenye nyingine. Wakagonga vifaa vya ujenzi, watu 83 wakafa. Ile ndege ilikuwa na kifaa kinaitwa PVD, kijisanduku juu ya dashibodi chenye mistari inayozunguka, kinasoma lile wimbi la kushoto na kulia na kumsaidia rubani abaki katikati wakati wa kuruka kwenye mwonekano mdogo. Kinafunguka ndege ikishajipanga kwenye barabara yenyewe. Hakikufunguka. Marubani waliona kwamba hakijafunguka, wakakizungumzia, wakaamua si neno kwa sababu barabara wanaiona mbele yao, na kweli mwonekano haukuwa mbaya kiasi cha kukihitaji. Kile kifaa kilikuwa kinasema ukweli mtupu, hapa sio penyewe, ila kilikuwa kinasema kwa kukaa kimya. Kifaa kinachotoa onyo kwa kutofanya kitu kitapuuzwa, na sio uzembe, kokpiti imejaa vitu ambavyo havifanyi kitu kwa sababu mia moja tofauti.

Kamera za infraredi nazo watu huniuliza sana. Gulfstream walipata kibali cha kuiweka kwenye ndege zao mwaka 2001, picha ya joto inatupwa kwenye HUD. Usiku, kwenye moshi, kwenye ukungu mwepesi, inasaidia sana, unaona ndege nyingine, unaona wanyama, unaona ukingo wa lami. Ukungu mzito wenye matone makubwa unaizima karibu sawa na macho, hilo wauzaji hawaanzi nalo. Na kuna kituko kimoja: viwanja vilianza kubadilisha taa za zamani kuweka LED kwa ajili ya kupunguza umeme, na LED haitoi joto kama balbu, kwa hiyo kamera zilizotengenezwa kuona joto la balbu zikawa hazizioni taa. Ikabidi watengeneze kamera zenye vihisio vya aina kadhaa kwa pamoja.

Kuhusu kuona ndege nyingine kwenye ramani, hiyo inakuja kwa ADS-B, kila ndege inatangaza mahali ilipo na ndege yako inasikiliza na kuichora. Nzuri, ila inachora anayetangaza tu. Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024, usiku lakini bila ukungu, A350 ya Japan Airlines ilitua juu ya Dash 8 ya walinzi wa pwani iliyokuwa imeingia barabara ya kurukia. Watu watano wa Dash 8 wakafa, wote 379 wa A350 wakatoka. Ile Dash 8 haikuwa inatangaza kwa ADS-B. Skrini ingekuwa tupu, na skrini tupu rubani anaisoma kwamba barabara ni tupu.

Siku 28 nilizosema uzikumbuke ndo hizi: ramani mpya inakuja kila mzunguko, lakini ujenzi hausubiri mzunguko. Kiungio kimefungwa leo asubuhi, kwenye ramani bado kiko wazi na kinang'aa. Ongeza na siku hizi kuna maeneo GPS inavurugwa kwa makusudi, ndege inaambiwa iko mahali ambapo haipo, na mifumo mizuri inatakiwa ifute alama ya ndege kwenye ramani ikiwa haina uhakika badala ya kuendelea kuichora kwa kujiamini.

Ukiniuliza mimi, uwanja wenye ukungu mzito kila msimu na pesa za kuchagua kitu kimoja, nitaanza na taa za chini kabla ya skrini. Heathrow, Changi na Dubai wana mfumo ambao taa za kijani za mstari wa kati zinawaka mbele ya ndege yako tu, kwenye njia uliyoruhusiwa tu, na pale unapotakiwa kusimama inawaka mistari nyekundu. Rubani anafuata kijani. Ruhusa ya mnara imechorwa kwenye lami yenyewe, macho yako nje, na inamhudumia kila mtu, ndege mpya na ya zamani, hata mgeni ambaye hajawahi kufika pale. Vile vikoni vya NASA, hizi ni vikoni vya kweli. Ubaya wake ni kuchimba lami na kuweka maelfu ya taa zinazoweza kuwashwa moja moja, na kwenye mita 75 bado unaona zile tatu nne tu, ila sasa hizo tatu nne ni zako peke yako.

Na kuendesha kwa otomatiki chini? Airbus walimaliza mwaka 2020 majaribio waliyoyaita ATTOL, A350 ilitembea, ikaruka na kutua kwa kutumia kamera na kompyuta inayotambua picha. Inawezekana, lakini ilikuwa inaona. Kwenye ukungu kamera ina matatizo yaleyale ya rubani.

Sasa swali lako la mwisho, unasubiri nini ukiwa umekaa ndani. Mwonekano ukishuka chini ya kiwango uwanja unaingia kwenye utaratibu wa mwonekano mdogo. Nafasi kati ya ndege na ndege inaongezwa, sehemu za kusubiria zinarudishwa nyuma zaidi ili ndege zilizosimama zisivuruge yale mawimbi ya kuongoza kutua, na viungio vinagawanywa vipande, kila kipande ndege moja. Ya mbele yako haijathibitishwa kwamba imetoka kwenye kipande chake, wewe husogei. Uwanja ambao hauna rada ya ardhini wala taa za kufuatana unaweza ukaruhusu ndege moja tu itembee uwanja mzima, au gari lenye taa lije kuiongoza njia ndege yako mpaka mahali pake. Marubani wako wanaweza kuwa wanajua wako wapi kwa mita tatu, na pengine wanaona kwenye ramani kwamba kiungio cha mbele hakina ndege. Lakini mnara ndo unatakiwa ujue, na ukiwa hauna cha kuonea unauliza kwa redio, ndege moja baada ya nyingine, foleni inajipanga nyuma yenu.